Zilizokunywa Beseni Moja

Ndinda alinipigia simu nikiwa natawadha kwa swala ya alasiri, nami nikafunga bomba kwanza kabla ya kupokea, kwa sababu sijawahi kuacha maji yakimwagika bure huku nikizungumza. Aliniambia kwamba baba yake, Mzee Kyalo, amefariki, na wamekwisha kumzika kwao Kitui. Hawakuweza kuniarifu mapema kwa kuwa namba yangu ilikuwa kwenye daftari la marehemu, si kwenye simu ya mtu yeyote. Nikasema yale ambayo mtu husema. Kisha akasema, "Maalim, kuna chungu chako hapa." Nikamuuliza chungu gani. "Cha ua. Kina jina lako. Baba alisema akifa kisikae hapa. Nitakuletea mwenyewe Alhamisi, siwezi kumwachia kondakta wa basi." Nikamshukuru, nikafungua bomba, nikaanza kutawadha upya tangu mwanzo.

Mimi ni mtu mzima sasa, na namshukuru Mungu kwa macho yanayosoma bado na kwa magoti yanayosujudu bado. Nimefundisha watoto wa Garissa, na watoto wa watoto hao, na wengine wao ni maimamu leo. Mengi ya maisha yangu nimeyasimulia barazani bila kuona haya. Mwaka mmoja tu sikuusimulia, nao ni mwaka nilioishi katika nyumba ya Mzee Kyalo karibu na mto, nikiwa na miaka ishirini na miwili. Asubuhi nikifundisha watoto alifu na be, jioni nikisoma kwa sheikh wangu msikitini. Simu ya Ndinda iliniachia siku tatu za kungoja, na katika siku hizo tatu nilikuwa zaidi kule kuliko hapa.

Chumba changu kilikuwa cha mwisho uani, cha udongo na mabati, na dirisha lake halikuwa na kioo wala wavu. Ukifungua kibao cha dirisha ulikuwa unatazama moja kwa moja ndani ya kibanda cha maua. Mzee Kyalo alikuwa amestaafu kazi ya misitu mwaka ule ule, naye hakurudi kwao Ukambani kwa sababu ya kibanda kile. Kilikuwa na nguzo za mkoma, paa la nyavu kuukuu na makuti, na ndani yake kulikuwa na rafu tatu za vyungu na magogo yaliyoning'inizwa kwa waya. Humo aliishi na okidi sitini na tatu. Watu wengi hawajui kwamba okidi zilikuwako kwetu. Ziliota juu ya mikoma na migunga mikubwa kando ya Tana, mashina yake manene kama miwa, na zilipochanua zilitoa maua ya manjano yenye madoa ya kahawia, kama ngozi ya chui. Watu walipoanza kukata miti ya kingo za mto ili walime ndizi na maembe, Mzee Kyalo alikuwa akifuata mashoka na mkokoteni. Mti ukianguka, yeye anabandua okidi. Alikuwa akiniambia, "Maalim, hawa ni wakimbizi. Kwao kumekwisha."

Moja kati yake haikuwa na doa hata moja. Ilikuwa manjano tupu, manjano ya kiini cha yai. Mkewe ndiye aliyeiona kwanza, juu ya mkoma ulioinamia maji, na kwa kuwa macho yake hayakuwa mazuri alidhani ni juala la plastiki lililopeperushwa na upepo. Akawatukana watu wa mjini kwa uchafu wao njia nzima hadi nyumbani. Mumewe alirudi kesho yake na ngazi kuitazama, akashuka akicheka hadi akakaa chini. Wakaiita Juala. Mke alifariki miaka miwili kabla sijahamia pale, na Juala ilikuwa na nafasi yake kwenye kona ya rafu ya juu, mahali jua la asubuhi linapofika kwanza. Mzee hakuwa mtu wa kusema sana juu ya mkewe. Lakini nilimsikia mara nyingi, mimi bado nimelala, akiingia kibandani na kusema kwa Kikamba maneno mawili matatu, na najua hakuwa akizungumza na ua.

Tulikula pamoja jioni nyingi, kila mtu na chakula chake kwenye meza moja. Yeye alipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kuchanganywa na maharagwe. Mimi nilileta anjera, chapati laini za unga uliochachuka, na chai ya maziwa ya ngamia, ambayo alisema ina harufu ya moshi na kuinywa yote. Alikuwa Mkristo wa kusali kweli, wa kufumba macho kabla ya kijiko cha kwanza, na tuliheshimiana hivyo. Ndinda, bintiye wa mwisho, alikuwa na miaka tisa tu na aliishi kwa bibi yake Kitui. Barua zake Mzee alizisoma kwa sauti mezani, pamoja na makosa yake ya tahajia. Mgeni wetu mwingine alikuwa Gedi, mwuza maji, mtu mrefu mwenye punda wawili na ulimi usiolala. Bomba la mtaani lilikuwa limekauka tangu mvua za vuli zilipokosa kuja, na maisha yetu yote yalipita mikononi mwa Gedi, mitungi minne kwa siku. Alikuwa akiiteremsha huku akitikisa kichwa na kusema, kila p ikigeuka b mdomoni mwake: "Mzee, hii maua yako nakunywa maji kuliko bunda wangu. Na bunda anabeba mizigo. Hii nabeba nini?"

"Inabeba macho yangu, Gedi," Mzee akamjibu.

"Wallahi, watu wa bara mko na shida."

Jambo lililokuwa likingojewa mwaka ule lilikuwa hili. Bustani moja ya mimea huko juu, kwenye baridi, ilikuwa imekubali kuzichukua okidi zote za Mzee, kuzitunza na kuzizalisha, ili siku moja zirudishwe kwenye kingo zetu kama kingo zitakuwa na miti. Mama mmoja mtaalamu angekuja baada ya mwezi wa Ramadhani kuzikagua. Sharti lake lilikuwa moja: akiona ugonjwa hatachukua hata moja, maana hawezi kuiingizia maradhi mimea mingine elfu. Mzee alikuwa na barua hiyo ndani ya Biblia yake. Zikikataliwa hakukuwa na pengine pa kuzipeleka, na miti zilikotoka ilikuwa imekwisha kuwa mkaa.

Mwishoni mwa Rajabu kaka yake mkubwa alifariki, naye ikabidi aende kwao, na mambo ya shamba na warithi yakamweka huko wiki tano. Kabla ya kuondoka alinizungusha kibandani asubuhi nzima. Alinionyesha namna ya kumwagilia: kikombe kwa kila chungu, polepole, hadi maji yatokee chini, na yanayotokea yaache yaende. "Yaliyopita kwenye mmoja usimpe mwingine," alisema, akicheka kidogo kama mtu anayesema jambo lililo wazi. Kisha akanionyesha chungu kimoja alichokiweka mbali, chini, karibu na mlango. Jani moja la mmea ule lilikuwa na mstari mwembamba wa njano. "Huyu nimemtenga. Nitamtazama nikirudi." Nilisema naam kwa yote.

Siku ya tatu Gedi alileta mitungi miwili tu. Ya nne, mmoja. Mto ulikuwa umeshuka hadi mchanga wa katikati ukaonekana kama mgongo wa ng'ombe aliyekonda, na korongo wale wakubwa wenye vichwa vya upara, wanaopenda jalala letu, walianza kutua juu ya bati la nyumba na kukaa kimya mchana kutwa. Jioni hizo sheikh wangu alikuwa akitufundisha adabu za udhu, na jinsi isivyofaa kufuja maji hata kama umekaa ukingoni mwa mto unaopita. Nilitoka darasani na maneno hayo kifuani, nikaingia kibandani na kikombe changu, nikaona maji masafi yakitoka chini ya vyungu na kunywewa na vumbi. Moyo wangu uliumia. Nilijisemea kwamba Mzee Kyalo ni mtu mwema lakini amekulia kwenye vijito, hajui thamani ya tone. Mbele ya nyumba kulikuwa na beseni la bluu la kufulia. Nikalisugua kwa majivu, nikalijaza nusu, nikasema Bismillahi, na nikaanza kuzamisha chungu kimoja kimoja, kukiacha kinywe, kukiinua kichuruzike humo humo, na kuleta kingine. Nilianza na Juala, kwa heshima. Nilipofika mwisho nilikiona kile chungu cha mlangoni, peke yake, nikakihurumia. Nikakizamisha pia.

Jioni nililifunika beseni kwa ubao. Yalikuwa yamebaki maji mazuri, rangi ya chai nyepesi. Kesho yake niliyaongeza kidogo, nikaanza tena na Juala. Hivyo siku thelathini. Nasema kweli, sijawahi kufanya ibada kwa furaha kama niliyokuwa nayo nikiinama juu ya beseni lile. Mtungi mmoja wa Gedi ulitosha siku mbili. Nilimshukuru Mungu kwa kunifundisha kubana, na nilikwisha kupanga maneno ya kumwambia Mzee atakaporudi. Kulikuwa na okidi kumi na moja tu ambazo sikuzizamisha, zile za kwenye magogo yaliyoning'inia karibu na paa, kwa kuwa kuyashusha kulihitaji ngazi nami nilikuwa mvivu wa kupanda. Hizo nilizirushia matone kwa mkono nilipokumbuka, na siku nyingi sikukumbuka.

Jani la kwanza jeusi lilikuwa kwenye rafu ya kati. Nililiona asubuhi kupitia dirishani, nikadhani ni kivuli. Lilikuwa na mashimo madogo yaliyozama, meusi, kana kwamba mtu amezima sigara juu yake. Kesho kulikuwa na manne. Nilinusa shina moja, likatoa harufu ya kiazi kilichooza, na pale pale, bila mtu kuniambia, nikajua. Nikalimwaga beseni nyuma ya choo, nikaliosha, nikalirudisha mbele ya nyumba chini ya kamba ya nguo. Nikarudi kwenye kikombe. Mzee alifika siku mbili kabla ya Ramadhani, na vumbi la Mwingi bado kichwani, na kabla ya kuweka mfuko chini alikwenda kibandani. Nilisimama mlangoni mwa chumba changu. Kisha akatoka, akaniuliza kama nimekula.

Ndipo kuchagua kukaanza. Kila siku baada ya chai aliteremsha vyungu, akavipanga mezani uani, akainua kila jani juani na kulitazama kwa upande wa chini. Alikuwa na kisu kimoja, naye alikipitisha kwenye moto wa jiko kila baada ya mmea. Mwenye doa alimweka kushoto, asiye na doa kulia. Alipomaliza aliwabeba wa kushoto hadi kwenye shimo alilochimba nyuma, akawamiminia mafuta ya taa. Okidi haiungui kama kuni. Inachemka kwanza, inalia kama maziwa ya kwenye sufuria, kisha inatoa moshi mweupe mzito ambao ulikuwa ukiingia dirishani mwangu na kukaa kwenye shuka. Nilifunga Ramadhani ile nikiwa na moshi huo mdomoni. Siku ya kwanza alichoma nne. Siku ya tano, tatu. Alidhani amemaliza. Siku ya tisa zile za kulia, zile alizozitazama na kusema "huyu mzima, huyu mzima," zilianza kutoa mashimo.

Nami nilijua zipi zitafuata. Hilo ndilo lililokuwa zito. Yeye alichagua kwa macho, na ugonjwa haukuwa mahali pa kuonekana na macho. Mwingine ulioza kwa wiki, mwingine ungeubeba kimya miezi. Alikuwa akirudisha rafuni mimea iliyokuwa imekunywa beseni moja na ile iliyokwisha kuwa majivu, na mtu mmoja tu duniani alijua hesabu hiyo, naye alikuwa amekaa mezani kwake jioni akifungua saumu. Mzee alikuwa akiniwekea tende kwenye sahani kabla ya adhana. Hakuwahi kusahau. Nilikuwa nikizila na kumeza maneno pamoja na mbegu zake.

Jioni moja nilimsikia na Gedi kupitia dirishani. Gedi alikuwa anafunga punda.

"Mzee, unachoma watoto wako. Mtu alikufanyia nini? Jicho mbaya?"

"Hapana, Gedi. Ni mimi. Kabla sijaenda Kitui niligawa mashina kwa kisu hiki. Nadhani sikukichoma vizuri. Ni mkono wangu."

"Mkono yako? Basi bumzika. Wacha hiyo kisu."

"Nikiacha, nani atachagua?"

Gedi akashika kamba ya punda akaenda zake. Nililala chini siku ile, si kitandani. Ilikuwa kama mtu ameniwekea jiwe juu ya mgongo na kuondoka.

Katika kumi la mwisho sheikh wetu alitufundisha mlango wa toba. Alisema dhambi ya mtu na Mola wake, mlango wake uko wazi hadi pumzi ya mwisho. Lakini haki ya mja mwenzako haifutwi kwa istighfari yako peke yako. Umrudishie, au akusamehe yeye mwenyewe kwa kinywa chake, na akifa kabla, basi mtakutana mahali ambapo hakuna cha kulipia ila matendo. Alikuwa mzee mpole, hakupandisha sauti. Nilitoka msikitini kabla ya dua kwisha. Mzee Kyalo alikuwa uani, okidi ishirini na nane zimebaki juu ya rafu, na zile kumi na moja za magogo. Yule mama wa bustani alikuwa anakuja baada ya siku sita. Nikamwambia kuhusu beseni.

Nilimwambia nikiwa nimesimama, naye amekaa. Nilimwambia juu ya maji ya Gedi kupungua, na somo la udhu, na chungu cha mlangoni nilichokihurumia. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliingia ndani, nikadhani anafuata fimbo, na ningeifurahia. Alirudi na kipande cha chaki. "Onyesha," alisema. Nikachukua chaki nikapita rafu ya chini, nikitia alama kwenye kila chungu nilichokizamisha, na hakukuwa na ambacho sikukizamisha. Kisha ya kati. Nyingi zilikuwa zinang'aa, majani mabichi, mbili zilikuwa na chipukizi la ua. Mzee alinifuata nyuma akishika taa ya kandili kwa maana giza la magharibi lilikuwa linaingia. Nikafika rafu ya juu, nikatia alama tano, nikafika kwenye kona.

Juala haikuwa na doa lolote. Mkono wangu ulisimama na chaki.

"Na Juala?" akauliza.

Nikasema, "Juala ndiyo ilikuwa ya kwanza kila siku."

Lilikuwa neno la kweli. Nimelipima neno hilo miaka yote na halina uongo ndani yake. Juala ilikuwa ya kwanza kila siku, na mtu akilisikia ataelewa kwamba ilikunywa maji masafi kabla ya wengine. Sikuongeza kwamba maji ya siku ya pili yalikuwa ya siku ya kwanza, na ya siku ya thelathini yalikuwa na wote ndani yake. Nilimtazama mzee yule na taa mkononi, amekwisha kumzika mke, amemzika kaka, na sasa anakwenda kuwachoma wakimbizi wake kwa chaki yangu, nikasema moyoni, hii moja tu. Nikadhani ni huruma. Ilikuwa huruma ile ile iliyozamisha chungu cha mlangoni.

Mzee aliitazama chaki, hakunitazama mimi. Akasema, "Haya." Akaipokea, akaivunja vipande viwili na kuvitupa. Kesho yake tulichoma ishirini na saba kwa siku moja, mimi nikibeba na yeye akimimina mafuta. Zile zenye chipukizi la ua alizibeba mwenyewe. Korongo walikuwa wamejipanga kwenye bati, wakingoja kama kuna nyama.

Mama wa bustani alikuja na gari na miwani ya kukuzia. Alitumia asubuhi nzima kukagua zile kumi na moja za magogo, zilizokonda kwa kiu, ngozi zimesinyaa, akasema hajaona mimea safi kama hiyo kwa muda mrefu. Ni uvivu wangu ulioziokoa. Sikuwa na la kusema juu ya hilo wakati ule na sina hadi leo ila kunyenyekea. Alipoiona Juala kwenye kona uso wake ulifunguka. "Na hii?"

"Hii haiendi," alisema Mzee Kyalo. "Ni ya nyumbani."

Yule mama akasisitiza. Akamwambia hiyo moja inazidi zote kumi na moja. Mzee akatabasamu kwa adabu na kutikisa kichwa, nami niliyesimama pale nikaelewa kwamba ni mapenzi ya mke, na nikashukuru kwa siri kwamba neno langu halikusafiri kwenda kuiua mimea elfu. Mwezi uliofuata Mzee alihama kurudi kwao. Alikaa mbele kwenye lori, chungu mapajani, akaniaga kwa mkono mmoja.

Hatukuonana tena mara nyingi. Lakini hakukosa Idi hata moja. Kwanza kwa barua, baadaye kwa simu. Kila mara, baada ya salamu na habari za magonjwa yake na yangu, alikuwa akiuliza, "Unamwagilia nini siku hizi, Maalim?" Kila mara nilikuwa nikicheka na kusema namwagilia watoto wa watu. Alikuwa akingoja kidogo upande wa pili wa simu. Nilidhani ni uzee. Neno lilikuwa likija hadi kwenye meno, nami nikisema, Idi ijayo, inshallah.

Ndinda alifika Alhamisi adhuhuri, mwanamke wa makamo mwenye hatua za baba yake, amefunga chungu kwa leso na kukishika kama alivyokishika yeye. Nilimpa maji, nikampa tende, nikampa pole. Kisha akafungua leso. Juala ilikuwa na mashina matatu tu. Majani yake yalikuwa na michirizi myeusi kutoka ncha hadi kwenye shina, ya miaka mingi, na ilikuwa hai. Kwenye ukingo wa chungu kulikuwa na kopo dogo la bati lililofungwa kwa waya, na kisu kimefungwa kwenye waya ule ule, na kipande cha bati kilichokwaruzwa kwa msumari, mwandiko wake. Juu, jina langu. Chini yake, maneno mawili: *Isichangie maji.*

Nilikaa. Nilikumbuka chaki, na jinsi alivyoitazama. Mtu aliyeishi na mimi mwaka mzima, aliyeniona nikifunga mtungi kwa vidole viwili ili tone lisipotee, angewezaje kuamini kwamba jioni nilikuwa nikimwaga maji ya beseni? Alijua kabla sijamaliza kusema. Hakuniuliza swali la pili kwa kuwa swali la pili lingenifanya niseme uongo wenyewe.

Nikamweleza Ndinda yote, kama nilivyoandika hapa. Alisikiliza akikunja leso. Mwishowe akasema, "Maalim, maji yaliyotoka chini ya hiki chungu, unajua nani alikuwa akiyamwaga? Mimi. Kila jioni, nikitoka shule. Si shambani, si kwa mbuzi. Kule mwisho wa boma, nyuma ya kichuguu, nichimbe kwanza ndipo nimwage. Mwaka wa kiangazi, watu wanapigania maji kisimani, mimi nachimbia maji shimo. Majirani walisema baba amerogwa. Nilimwuliza kwa nini tusiichome. Akasema mwenyewe, mwenye jina hilo, bado hajasema."

"Nisamehe," nikamwambia.

Akafikiri, kwa uaminifu, kama mtu anayetafuta kitu kwenye mfuko. "Yangu nimekusamehe. Ya baba siijui, Maalim. Siwezi kukupa ambayo si yangu."

Alipoondoka nilibaki nayo uani. Nina okidi nne ukutani upande wa msikiti, nilizoletewa na yule mama wa bustani zamani, watoto wa zile kumi na moja. Kisu kilikuwa mkononi, na jiko lilikuwa na makaa. Nilitafuta tangu juu hadi chini sababu ya kuiacha hai, nikapata moja tu, nayo haikuwa nzuri: kwamba mwenyewe sasa amesema, lakini amemwambia binti, na aliyekuwa akingoja hayupo tena. Nikaibeba hadi ukuta wa mbali, nikaiweka juu ya jiwe. Nikafungua kopo lake, nikajaza, nikamimina polepole kama alivyonifundisha, hadi maji yakatokea chini, rangi ya chai nyepesi. Nikayakinga kwenye sahani.

Nje ya lango mchanga ulikuwa mkavu na jirani yangu, Mama Sahra, alikuwa anapita na mtungi kichwani, anatoka kwenye foleni ya maji. Alisimama kuniangalia nikichimba kishimo kwa kisigino na kuinamisha sahani.

"Maalim," akasema, kwa mshangao wa kweli, "wewe ndiye unayemwaga maji?"

"Ndimi," nikamwambia, na nikangoja mpaka tone la mwisho lianguke.